Nilikwenda kutafuta sekunde, nikaishia kwenye kokoto

Najua nimepotea, kuna waliodhani nimesharudi Bongo kimyakimya. Nipo, bado nabanana na maisha ya chuo. Kilichonipoteza ni mitihani, kibarua cha jioni na klabu ya magari, ambayo imekula muda wangu wote na, kama mtakavyosoma, imekula na pesa ambazo hazikuwa zangu. Leo nasimulia yote, hata ile sehemu ninayoona aibu kuisema.

Kwa wageni: mimi nasoma uhandisi wa mitambo hapa Japani, mkoa wa Ibaraki, kaskazini mashariki ya Tokyo. Nilifika Oktoba 2022. Magari ya huku nayajua tangu utotoni kwa sababu yakichoka huku yanakuja kwetu. Si mnakumbuka ile sauti ya dada kwenye gari, ukiwasha tu anaongea Kijapani na hakuna anayemwelewa? Nimekuja kujua anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Miaka yote ile Dar es Salaam dada wa watu anatukumbusha kadi, sisi tunadhani anatusalimia!

Sasa, vyuo vingi vya huku vina klabu ya magari ya wanafunzi. Yetu ina gereji ya mabati nyuma ya viwanja vya michezo, na humo hakuna fundi wa kulipwa. Ukitaka injini ishuke, unaishusha mwenyewe na wenzako. Nilijiunga Aprili 2023, na mwaka wa kwanza nilifagia sana kuliko nilivyoshika spana. Mkubwa wako anaitwa senpai, yaani aliyekutangulia, na akisema fagia unafagia.

Gari ninalolisema ni la klabu, tunalitumia watu wanne. Ni Eunos Roadster ya mwaka 1991, ile ile ambayo nje ya Japani inaitwa Mazda MX-5. Toleo la kwanza lilitoka 1989: viti viwili, injini mbele ya 1.6, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Nguvu yake ni farasi 120 tu, lakini uzito wake ni kama kilo 940, mwepesi haswa. Wazee wa klabu walishalifunga nguzo za chuma nyuma ya viti ili likipinduka lisituponde vichwa. Sheria ya klabu ni moja: ukitaka kubadilisha kitu, toa pesa yako mfukoni.

Na uwanja tunaokwenda ni Tsukuba, uko mji wa Shimotsuma, humu humu Ibaraki. Umekuwepo tangu 1970 na mzunguko wake mkubwa una mita 2,045 tu. Si lazima uwe dereva wa mashindano. Unalipa, unavaa helmeti, glavu na nguo ya mikono mirefu, unafunga ndoano ya kuvutia gari, unabandika utepe kwenye taa ili vioo visimwagike barabarani, kisha unafungiwa kifaa kidogo kinachopima muda wako kila unapopita mstari. Hamshindani, kila mtu anapambana na saa yake. Magari yaliyotengenezwa hasa yanazunguka chini ya dakika moja, na huku ukisema umeshuka chini ya dakika Tsukuba watu wanakugeukia.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa Novemba 2023. Nilitoka nimelowa jasho kwenye baridi, nikijiona nimeendesha kama mshale. Karatasi ikasema dakika 1 na sekunde 21.6. Kuna kigari cha kwenda sokoni, cha mzee mmoja mwenye mvi, kilinipita mara mbili. Du! Usiku ule sikulala. Nikaamua gari halina nguvu, tatizo ni injini.

Hapa ndipo aibu inapoanza. Mwanafunzi mgeni huku anaruhusiwa kufanya kibarua saa 28 kwa wiki, mimi napanga bidhaa dukani. Kila mwezi nilikuwa naweka yen kidogo pembeni kwa ajili ya ada ya mdogo wangu wa kike, anayesoma chuo huko nyumbani. Tulikubaliana na mama kwamba muhula wa Machi ni wangu. Februari 2024 zilikuwa zimefika kama yen 60,000. Wiki hiyo hiyo nikaiona ekzosi kwenye duka la vipuri vya mtumba, inang'aa, bomba nene kama mkono wangu, yen 45,000. Pembeni yake chujio la hewa, yen 12,000. Nikajiambia nitazirudisha kabla ya mwisho wa mwezi. Si unajua tena mtu anavyojidanganya mwenyewe akiwa peke yake dukani.

Tuliifunga Jumamosi. Mlio wake, we acha tu! Gari la farasi 120 likawa linaunguruma kama basi la mkoani. Nikarekodi sauti nikamtumia yule mdogo wangu. Akajibu, "Kaka, nzuri. Ile hela umeshatuma?" Nikamwambia wiki ijayo.

Machi tukarudi Tsukuba. Kipindi cha asubuhi nikakanyaga kwa roho moja. Dakika 1 na sekunde 21.2. Yaani yen 57,000 zimeninunulia nukta nne za sekunde, na hata hizo nadhani zililetwa na hali ya hewa. Senpai akaiangalia karatasi, hakucheka. Akaomba aendeshe yeye kidogo. Gari lile lile, matairi yale yale, mafuta yale yale. Akarudi na dakika 1 na sekunde 16.9.

Wadau, hasira niliyoipata sikuijua inatoka wapi. Angekuwa amelitumia gari jingine ningesema gari. Sasa kumbe sekunde nne zilikuwa ndani ya mwili wangu mimi. Badala ya kukaa chini nimuulize alifanya nini, nikarudi kuingia kipindi cha mchana na wazo moja tu: yeye alikuwa anachelewa kufunga breki, na mimi nitachelewa zaidi.

Mzunguko wa tano, wa sita, ikawa inakubali. Wa saba nikahisi pedali imekuwa laini, inashuka chini kuliko kawaida. Nilihisi kabisa. Mwili ulijua, kichwa kikasema mmoja tu wa mwisho. Nikaja mwisho wa njia iliyonyooka mbele ya jukwaa, naelekea kona ya kwanza, nikakanyaga breki... pedali ikaenda mpaka sakafuni kama nimekanyaga sifongo. Nikakanyaga tena, na tena, ikashika kidogo sana. Nikashusha gia, gari likayumba, nikatoka nje ya lami na kuchimba kokoto hadi likasimama lenyewe. Kimya. Vumbi limejaa kila mahali, na ile ekzosi yangu ya kung'aa imejaa kokoto.

Sikuumia. Bampa la mbele lilipasuka na mdomo wake wa chini uling'oka. Mbele yangu, baada ya kokoto, palikuwa na ukuta wa matairi. Kipindi kikasimamishwa kwa ajili yangu, gari la kuvuta likaja, madereva wote wamepoteza dakika walizolipia. Jioni kwenye gereji nikasimama mbele ya wenzangu wa klabu nikainama kuomba radhi, kama desturi ya huku. Hakuna aliyenifokea, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Usiku nikampigia mjomba. Kwa wasiomjua, mjomba wangu amenilea tangu nikiwa darasa la tatu, na ameendesha malori ya mizigo njia ya Dar hadi Mbeya miaka mingi. Kule ilikuwa jioni, sisi tuko mbele saa sita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, hujambo? Sauti hiyo ina nini?"

Nikamweleza yote ya gari. Ya ada sikuyagusa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyeniuliza siku nzima: "Mafuta ya breki yalibadilishwa lini?"

Sikujua. Hakuna aliyejua.

"Breki zako zimechemka," akasema. "Mimi lori langu breki za upepo, halina mafuta hayo, lakini moto ni ule ule. Ukishuka Kitonga na mzigo huku unakanyaga breki muda wote, dramu zinawaka, ukifika kona za chini unakanyaga hakuna kitu. Ndiyo maana tunashuka na gia nzito, breki tunaigusa na kuiachia. Wewe ulipewa dalili, pedali ililainika. Mtu akipewa dalili asimame." Halafu akaongeza, taratibu tu, "Wewe kumbe huko wamekuwekea kokoto. Kitonga hakuna kokoto, mjomba. Kuna bonde."

Wanaopita njia ya Iringa wanaijua Kitonga, sina haja ya kuieleza.

Nikakaa na vitabu vyangu, maana ni aibu mwanafunzi wa mitambo kuambiwa hilo kwa simu. Hesabu yenyewe ni ya kidato. Gari pamoja na mimi na petroli ni kama kilo 1,040. Ukilitoa kilomita 140 kwa saa hadi 60, nishati inayopaswa kwenda mahali ni karibu kilojuli 640. Hizo zingetosha kupasha karibu lita mbili za maji kutoka nyuzi 20 hadi zichemke. Sehemu kubwa inaingia kwenye diski na pedi za breki ndani ya sekunde chache, na kwenye mzunguko mmoja wa Tsukuba kuna sehemu kadhaa za kufunga breki kwa nguvu. Kabla diski hazijapoa unafika kona nyingine.

Joto likifika kwenye mafuta ya breki ndipo kimbembe. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani polepole hata gari likiwa limeegeshwa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 155. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Kwa hiyo mguu wako unabonyeza mapovu, diski haziambiwi kitu. Tulipofungua kikopo cha gari letu, mafuta yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Mapya yana rangi ya njano hafifu.

Nikaanza upya, safari hii kwa kusikiliza. Ekzosi niliisafisha nikaiuza yen 25,000, tukarudisha ile ya zamani. Bampa tuliliunga kwa nyuzi za fiberi wenyewe. Kisha senpai akanipa mpangilio ambao nauandika hapa kwa ajili ya yeyote mwenye kigari na hamu ya kukimbia, kwa sababu laiti ningeujua Februari ile.

Kwanza kusimama. Tulimwaga mafuta yote ya breki na kuweka mapya yanayostahimili joto zaidi, tukatoa hewa tairi moja baada ya jingine: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua skrubu. Tukaweka pedi za mbele zinazostahimili moto. Hizo zikiwa za baridi haziumi vizuri, lazima uzipashe mzunguko wa kwanza. Na ukimaliza kukimbia unazunguka mara moja polepole ili upepo upoze diski, halafu ukiegesha usivute breki ya mkono.

Pili matairi. Yetu yalikuwa na kashata za kutosha, tukayaona mazima. Senpai akaniambia nisome ubavu: kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yetu yaliandikwa 3514, wiki ya 35 ya mwaka 2014. Mpira wa miaka kumi umeshakuwa kama plastiki. Nilifikiria matairi ya mtumba tunayonunua nyumbani kwa kuangalia kashata peke yake, nikashika kichwa. Tulichanga wanne tukanunua seti ya yale yanayong'ang'ania lami, kipimo kile kile cha kiwandani, 185/60 rimu 14. Upepo nao tukajifunza kuupima matairi yakiwa ya moto, kwa sababu yakipata joto upepo unapanda na tairi linavimba katikati.

Tatu alaimenti. Matairi ya zamani yalikuwa yameliwa ukingo wa nje, maana kwenye kona gari linalala na tairi linasimama kwa ukingo. Dawa ni kuyainamisha kidogo, juu yaingie ndani. Roadster hii ina boliti maalumu za kurekebisha hilo chini, hununui kitu. Sisi hatukwenda kwenye mashine. Tulifunga uzi pembeni mwa gari toka mbele hadi nyuma, tukapima kwa rula na kipimo cha pembe, Jumapili nzima tumelala sakafuni. Mbele tukaweka nyuzi 1 na nusu. Uzi, rula na mgongo kuuma, basi.

Nne uzito. Tairi la akiba, jeki, zulia la buti, vyote vinabaki gereji siku ya uwanja. Ni bure kabisa, na hakuna farasi wa bure kama huyo.

Tano dereva, yaani mimi, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Senpai alinikalisha kiti cha pembeni. Kumbe hakuwa anachelewa breki kama nilivyodhani. Alikuwa anakanyaga mapema kidogo kuliko mimi, kwa nguvu mwanzoni, halafu anaiachia taratibu huku anakata kona. Mimi nilikuwa naingia kona kwa fujo na kutoka nimechoka. Pale kona ya pili kali, ambayo baada yake kuna njia ndefu ya nyuma, yeye anavumilia kuingia polepole ili atoke akiwa ameshakanyaga mafuta. Ukitoka pale na kilomita nne tu zaidi kwa saa, unazibeba njia nzima. Na macho! Mimi natazama boneti, yeye anatazama mahali atakapokuwa baada ya sekunde mbili.

Sasa turudi kwenye ada. Mwisho wa Machi nilimpigia mdogo wangu kumwomba msamaha, nimwambie ukweli kwamba sina. Akasema, "Kaka, mbona ilishalipwa? Mjomba alilipa tarehe kumi. Mtihani nimefanya." Tarehe kumi. Wadau, ajali yangu ilikuwa tarehe kumi na saba. Maana yake usiku ule nampigia mjomba kulia habari za breki, alikuwa ameshaweka mfukoni mwake pengo langu wiki nzima, na hakusema neno. Akanifundisha breki, akaniaga, akaniambia nile vizuri.

Nilipompigia tena kumshukuru sikujua nianzie wapi. Akanikata: "Nilikusubiri useme mwenyewe. Zile za ekzosi ukishauza, usinitumie mimi. Weka za muhula ujao." Ndivyo nilivyofanya, na hadi leo ada inaondoka siku ile ile mshahara wa dukani unapoingia, kabla sijapita karibu na duka lolote la vipuri.

Tulirudi Tsukuba Septemba 2024 na breki mpya na matairi ya zamani, makusudi, ili tuone kila kitu kinaleta nini. Dakika 1 na sekunde 19.8. Hakuna hata farasi mmoja aliyeongezeka, bali mguu wangu ulikuwa unaiamini pedali. Oktoba, matairi mapya na alaimenti: 1 na 17.3. Novemba, gari lile lile bila kuguswa, baada ya kukaa sana kiti cha pembeni: 1 na 15.4. Mzunguko wa nane wa siku ile nilihisi pedali kama imebadilika kidogo sana, labda ni hofu tu. Nilikuwa naenda vizuri, pengine ningeshusha tena. Nikawasha taa za hatari, nikapoza mzunguko mzima, nikaingia ndani. Tulipopima mafuta yalikuwa mazima. Senpai akasema umefanya sawa.

Karatasi ile nikaipiga picha nikamtumia mjomba, nikamweleza nimeshuka sekunde sita. Akajibu baada ya muda, alikuwa njiani: "Hongera mjomba. Na ya breki?" Nikamwambia zipo. "Basi sawa."

Kwa leo niishie hapa, kesho nina kipindi saa mbili na dakika arobaini asubuhi na huku mwalimu hasubiri mtu. Wenye magari nyumbani, kesho kabla hujawasha fungua boneti, angalia rangi ya mafuta ya breki, kisha zunguka usome tarakimu nne za matairi yako. Halafu uniandikie ulichokuta. Tusichekane tu.